Mkanda wa Tajiri, Mgongo wa Mfanyakazi

Tulikuwa Chidya, katika wilaya ya Masasi, kwa shughuli nyingine kabisa, na jioni vijana wa pale wakatukaribisha katika kibanda chao cha kutazamia picha. Ni kibanda cha miti na mabati, mianya yake imezibwa kwa magunia ya korosho, na kiingilio chake ni bei ya kikombe cha chai. Tulidhani tutaonyeshwa mpira. Kumbe siku ile ilikuwa zamu ya mieleka ya Marekani. Majitu mawili yenye vifua kama vinu yalikuwa yakibebana na kubwagana juu ya turubai. Refa akapiga kofi chini mara ya kwanza, akapiga mara ya pili, na kabla hajapiga ya tatu yule aliyelala chali akainua bega, na kibanda kizima kikalipuka kwa makelele.

Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi, mkulima wa korosho, alitikisa kichwa. "Hao wanadanganyana tu, mwanangu," alituambia. "Walikwisha patana tangu nyumbani nani ataanguka."

Kijana aliyekaa mbele yake akageuka. "Babu, na damu ile je? Nayo wamepatana?"

Maneno hayo mawili, la mzee na la kijana, hatukuweza kuyaacha pale kibandani. Tangu mieleka hii iingie nchini kwetu kwa kanda za video, na baadaye kwa televisheni na simu, wafanyakazi wengi na watoto wao huitazama, nao hubishana juu ya jambo hilo hilo: ni kweli au ni uongo? Sisi twaona kwamba swali hilo limekaa upande. Swali limpasalo mfanyakazi ni jingine: pale juu ya ulingo ni nani afanyaye kazi, ni nani apokeaye fedha, na mgongo ukivunjika ni wa nani?

Tumjibu kwanza mzee, maana ni haki yake. Mzee amesema kweli. Katika mieleka ya kulipwa ya Marekani mshindi hupangwa kabla ya pambano, na wenyewe wamekwisha kukiri. Tena yafaa tujue walikiri lini na kwa sababu gani. Kwa miaka mingi siri hiyo ililindwa kwa ukali. Mwanamieleka aliyeitwa mbaya hakuruhusiwa kuonekana akila meza moja na yule aliyeitwa mwema, wasije watu wakafahamu. Lakini mwaka 1989 kampuni kubwa kuliko zote, World Wrestling Federation, ile ambayo leo yaitwa WWE, ilisimama mbele ya watunga sheria wa jimbo la New Jersey na kueleza kwa kinywa chake kwamba mieleka si mashindano bali ni burudani. Je, walishikwa na toba? Hata kidogo. Mieleka ikihesabiwa kuwa mashindano, serikali ya jimbo huisimamia na kuitoza kodi kama inavyosimamia ngumi. Ikihesabiwa kuwa burudani, mzigo huo unaondoka. Tajiri aliitoa siri yake sokoni ili apunguze gharama.

Watu wa nyanda za juu za Makonde hawahitaji mwalimu wa jambo hili la siri. Lipiko anapoingia uwanjani, kichwani amevaa kinyago cha mti na mwili wote umefunikwa nguo, kila mwanamume aliyetoka jandoni ajua kwamba ndani yumo mtu, na huenda ni jirani yake aliyemkopa jembe jana. Hakuna asemaye. Wachezaji na watazamaji wameagana, na agano hilo ndilo linaloifanya ngoma kuwa ngoma. Lakini yule aliyemo ndani ya kinyago anatoka jasho la kweli, na akijikwaa ataumia kweli.

Na kijana naye tumjibu. Damu ile mara nyingi ilikuwa damu hasa. Katika miaka ambayo ilitumika sana, mwanamieleka alificha kipande cha wembe katika bendeji ya kidole, na wakati ulipofika alijichanja mwenyewe kwenye paji la uso, jasho likaisambaza damu usoni. Kwa hiyo, ndugu kijana, wamepatana, na damu ni damu. Nyote wawili mmeshinda shauri.

Sasa tuutazame huo mkanda wa ubingwa, ambao vijana wa Chidya huuchora kwa mkaa juu ya makatoni na kujifunga kiunoni.

Mwezi Julai mwaka 1948 baadhi ya matajiri wa mieleka, wale waitwao mapromota, walikutana katika mji wa Waterloo, jimbo la Iowa, wakaunda chama chao, National Wrestling Alliance. Waliigawana nchi kama wakubwa wa Ulaya walivyoligawana bara letu kule Berlin. Kila tajiri alipewa eneo lake, na mwenzake asithubutu kuingia kuandaa mapambano humo bila ruhusa. Juu ya maeneo yote waliweka bingwa mmoja wa dunia, aliyezunguka toka eneo hadi eneo, na katika kila eneo tajiri aliweka mabingwa wake wa jimbo: bingwa wa uzito wa juu, mabingwa wa wawili wawili, na kadhalika. Mabingwa hao wote walichaguliwa ofisini. Nguvu zilihesabiwa, ni kweli, lakini lililohesabiwa zaidi ni kama mtu huyu atajaza viti. Aliyevalishwa mkanda alipigana pambano la mwisho la usiku, na pambano la mwisho ndilo lililokuwa na fungu kubwa la fedha za mlangoni. Mkanda ulikuwa cheo cha kazi, kama unyapara.

Jambo moja halikuwa katika mapatano ya Waterloo, nalo ni mwanamieleka mwenyewe. Yeye hakuwa na kiti katika chama kile. Akigombana na tajiri wa eneo moja juu ya malipo, jina lake liliweza kupita kwa matajiri wote na milango ikafungwa nchi nzima. Mambo yalifika mpaka Idara ya Sheria ya Marekani ikakishitaki chama kile kwa kuhodhi biashara, na mwaka 1956 matajiri wakatia sahihi mapatano ya kuacha desturi hizo. Waliacha kwa kalamu zaidi kuliko kwa matendo. Ugawaji wa maeneo uliendelea miaka mingine karibu 30.

Ili tusiseme kwa jumla tu, tuchukue ukoo mmoja ambao maisha yake yote yamo katika kazi hii. Nao ni ukoo wa Hart, wa mji wa Calgary, katika jimbo la Alberta, nchi ya Kanada.

Baba wa ukoo huo, Stu Hart, alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa Saskatoon. Alikulia katika umaskini, na kwa muda jamaa yake waliishi katika hema, katika nchi ambayo baridi yake hugandisha mito. Mieleka aliyoanza nayo ilikuwa ile ya kweli, ya ridhaa, isiyo na mapatano. Mwaka 1940 alikuwa bingwa wa Kanada, na ndoto yake ilikuwa Michezo ya Olimpiki. Lakini michezo ya mwaka ule ilifutwa kwa ajili ya vita, naye akaingia katika jeshi la majini. Vita ilipokwisha alikwenda New York kutafuta riziki katika mieleka ya kulipwa, na huko ndiko alikomwoa Helen Smith, binti wa Harry Smith, mwanariadha aliyekimbia mbio ndefu za marathoni katika Olimpiki ya Stockholm ya mwaka 1912. Mwaka 1948 alianzisha biashara yake mwenyewe katika mji wa Edmonton, biashara ambayo baadaye iliitwa Stampede Wrestling. Mwaka 1951 akanunua nyumba kubwa ya matofali juu ya kilima huko Calgary.

Katika nyumba hiyo walilelewa watoto 12, wavulana 8 na wasichana 4. Wavulana wote waliingia katika mieleka kwa namna moja au nyingine, na wasichana wote wanne waliolewa na wanamieleka. Chini ya nyumba kulikuwa na chumba cha mazoezi, dari fupi, godoro jembamba sakafuni, na watu wa kazi ile walikiita kwa jina la gereza la chini ya ardhi. Humo Mzee Stu aliwashika vijana waliotaka kujifunza, akawakunja viungo mpaka wakalia kwa sauti iliyosikika ghorofa za juu. Alitaka kila mtu atakayeigiza maumivu ulingoni awe ameyajua kwanza. Wengine waliondoka siku ile ile wasirudi tena. Waliobaki, wengi wao wakawa watu wenye majina makubwa.

Hatutaki kumpamba mzee huyu kupita kiasi. Yeye alikuwa mwanamieleka, lakini pia alikuwa tajiri. Watu wake walizunguka katika magari usiku kucha juu ya barafu, Calgary, Edmonton, Red Deer, Regina, Saskatoon. Na toka Calgary hadi Saskatoon ni karibu kilometa 600, safari kama ya toka Masasi hadi Dar es Salaam, nao wakifika hushuka na kwenda kuangushwa. Malipo hayakuwa makubwa. Tofauti iliyokuwapo ni kwamba tajiri huyu aliwaingiza watoto wake mwenyewe katika kazi ile ile, na Helen mkewe, ambaye hakuipenda mieleka hata kidogo, alifanya kazi ya ofisi na kupokea simu za watu wenye shida. Miaka mingine biashara ilikwenda kwa hasara, na katika nyumba ile kubwa watoto walivaa nguo walizoachiana.

Eneo la Calgary nalo lilikuwa na mataji yake. Kubwa lilikuwa taji la Amerika ya Kaskazini la uzito wa juu, lililowekwa mwaka 1968, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Archie Gouldie. Baadaye, mwaka 1978, likawekwa taji la Jumuiya ya Madola la uzito wa kati. Taji hilo la pili ndilo lililofungua mlango kwa wanamieleka wadogo wa mwili, wepesi kama paka, miongoni mwao kijana wa Kiingereza Tom Billington, mwana wa watu wa kawaida kutoka Golborne, aliyejiita Dynamite Kid. Katika Calgary kijana huyo na watoto wa Hart walianzisha namna mpya ya kupigana, ya kasi na ya kuruka toka juu ya kamba, ambayo leo twaiona katika kila kibanda cha picha. Bret Hart, mtoto wa nane, na Owen, kitinda mimba, wote wawili waliuvaa mkanda wa Amerika ya Kaskazini kwa zamu zao.

Ndipo likaja jambo la mwaka 1984. Katika New York alikuwapo Vince McMahon, mwana wa promota, ambaye alikuwa ameinunua kampuni ya baba yake. Aliona kwamba kwa televisheni ya waya mtu mmoja angeweza kula maeneo yote, na kweli akayala moja baada ya moja. Mzee Stu aliuza. Bret ameandika katika kitabu chake cha mwaka 2007 kwamba ahadi ilikuwa dola milioni 1, zigawanywe kwa miaka 10, pamoja na fungu katika mapato ya Calgary na Edmonton, na kwamba fedha hizo hazikulipwa kama zilivyoahidiwa. Mwaka 1985 Mzee Stu akaifufua biashara yake. Lakini watu wa Alberta walikwisha zoea kuyaona majitu ya New York katika televisheni, na kabla ya muongo ule kwisha mapambano yake hayakuweza tena kujilipia.

Hapa wakulima wa Masasi na Newala watatuelewa upesi. Wao wamjua mtu wa kangomba, yule ajaye na bakuli lake wakati nyumba haina unga, akanunua korosho zilizo bado mtini, bila mizani na bila karatasi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoletwa mwaka 2007 ulikuwa na kasoro zake, na wakulima wamezisema mbele ya kila mkutano. Lakini angalau mzani upo, na mtu hupewa karatasi yenye kilo zake. Mwanamieleka wa siku zile hakuwa na mzani. Tajiri ndiye aliyewahesabu watu mlangoni, tajiri ndiye aliyekata gharama, na tajiri ndiye aliyetoa bahasha. Mtu alifungua bahasha yake garini, akajua thamani ya mgongo wake wa usiku ule.

Je, hawakujaribu kujiunga? Mmoja alijaribu. Mwaka 1986, karibu na sherehe kubwa ya mieleka ya kampuni ya McMahon, Jesse Ventura aliwaambia wenzake katika chumba cha kubadilishia nguo kwamba wakati umefika wa kuunda chama cha wafanyakazi. Matangazo yalikuwa yamekwisha kulipiwa na viti vimekwisha uzwa. Kama wangegoma siku ile, tajiri angelazimika kuwasikiliza. Habari ikamfikia McMahon mara moja. Ventura hakujua ni nani aliyempelekea mpaka alipoishitaki kampuni hiyo kwa kutumia sauti yake katika kanda za video bila malipo ya haki. Katika kesi hiyo Hulk Hogan, bingwa mkubwa kuliko wote, aliapishwa na kuulizwa, akakiri kwamba ni yeye. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa Ventura zaidi ya dola 800,000 mwaka 1994, na mwaka 1998 watu wa Minnesota wakamchagua kuwa gavana wao. Lakini chama cha wanamieleka hakikuundwa.

Tumelikaribia jambo hili polepole kwa kuwa lina uzito. Bingwa, mwenye mkanda, mwenye mshahara mkubwa kuliko wenziwe wote, ndiye aliyekwenda kwa tajiri. Kila mwenye kufanya kazi bandarini, katika reli, au katika mashamba ya mkonge atakuwa na mtu wa namna hiyo katika kumbukumbu zake, na hatuna haja ya kumtaja. Wala si haki kumlaumu Hogan peke yake. Mwanamieleka alikuwa amefundishwa tangu siku ya kwanza kwamba cheo chake ni zawadi ya tajiri, na mtu aliyepewa cheo kwa zawadi huogopa kila sauti inayosema juu ya haki.

Bret Hart naye alipanda ngazi hiyo. Tarehe 29 Agosti 1992, katika uwanja wa Wembley, London, alipigana na Davey Boy Smith, mume wa dada yake Diana, na watu waliotangazwa kuwapo walizidi 80,000. Ilikuwa imepangwa kwamba shemeji ashinde, kwa kuwa alikuwa Mwingereza na nyumbani ni kwake. Bret amesimulia kwamba Davey alisahau karibu kila kitu mara tu kengele ilipolia, ikambidi yeye amwongoze kwa kumnong'oneza hatua baada ya hatua, huku umati unadhani wanatafutana roho. Sisi tuliosoma habari hiyo tuliitazama tena picha ya pambano lile, na twakiri kwamba ni kazi ya fundi: mtu anayepigwa ndiye anayeshika usukani. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Bret akafungwa mkanda wa dunia wa kampuni ile, katika mji wa Saskatoon, mji ule ule aliozaliwa baba yake.

Mwaka 1996 alitia sahihi mkataba wa miaka 20. Mwaka mmoja haujapita vizuri, McMahon alimwambia kwamba kampuni haiwezi kuutimiza, afadhali atafute kazi kwa mshindani. Bret akakubali kuondoka. Katika mkataba alikuwa na haki ya kushauriwa juu ya namna atakavyoondolewa, naye alikataa kushindwa na Shawn Michaels mbele ya watu wa Kanada. Wakapatana kwamba pambano la Montreal, tarehe 9 Novemba 1997, livurugike bila mshindi. Ulingoni Michaels alipomkunja mguu, Bret hajasalimu amri, McMahon akiwa chini ya ulingo akaamuru kengele ipigwe. Mkanda ukaondoka. Kwa hiyo tajiri anaweza hata kudanganya ndani ya udanganyifu waliopatana! Wapo wanaosema ulikuwa mkanda wa bandia tu, kwa nini mtu mzima akasirike. Sisi hatukubaliani nao. Ilikuwa karatasi ya mkataba iliyochanwa hadharani, na hiyo si bandia.

Owen, mdogo wake, alibaki katika kampuni ile. Alikuwa kijana wa masihara mengi, aliyewahi kupigana mieleka ya ridhaa katika Chuo Kikuu cha Calgary, na mkewe Martha ameeleza kwamba alikuwa akiweka akiba ili aache kazi ile mapema na kukaa na watoto wake wawili. Tarehe 23 Mei 1999, katika ukumbi wa Kemper, Kansas City, aliagizwa aigize shujaa wa kuchekesha anayeshuka toka darini kwa kamba. Kifungo kilichomshika kilikuwa cha namna ya kufunguka upesi, ili mchezo wa kuanguka mwishoni uonekane mzuri. Kilifunguka angali juu. Alianguka zaidi ya meta 20, akajipiga katika kona ya ulingo. Alikuwa na miaka 34.

Onyesho liliendelea. Wenzake waliitwa, nao wakapanda juu ya ulingo ule ule, wakapigana. Waliokuwa wakitazama nyumbani waliambiwa baadaye usiku ule kwamba amekufa. Waliokuwa ukumbini hawakutangaziwa. Tumeandika habari za wafanyakazi kwa miaka mingi, za migodini na za melini, na desturi ya kusimamisha kazi anapokufa mtu tumeikuta hata mahali penye wasimamizi wakali. Pale haikuwapo.

Martha alifungua kesi. Mwezi Novemba mwaka 2000 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 18. Kesi hiyo iliupasua ukoo wa Hart katikati, maana baadhi ya ndugu na mashemeji walikuwa bado wakitazamia ajira kwa tajiri yule yule aliyeshitakiwa. Helen alifariki mwaka 2001, na Mzee Stu mwaka 2003, akiwa na miaka 88 na nishani ya heshima ya nchi ya Kanada. Kwa miaka yote iliyofuata Martha amekataa kampuni ile isiliweke jina la mumewe katika orodha yake ya mashujaa. Ameanzisha mfuko wa kusomesha watoto wa maskini kwa jina la Owen.

Na wengine? Davey Boy Smith, yule aliyeshinda Wembley, alifariki mwaka 2002 kwa maradhi ya moyo, umri wake miaka 39. Tom Billington, paka wa Calgary, alivunjika mgongo mara kwa mara mpaka miguu ikakataa. Alimaliza miaka yake katika kiti cha magurudumu huko Uingereza, akafa mwaka 2018, siku aliyotimiza miaka 60. Bret mwenyewe alipigwa teke la kichwa katika pambano la Desemba 1999, ubongo ukatikisika, na kazi yake ikafika mwisho. Mwaka 2002 akapata kiharusi. Vifo na vilema hivi havikupangwa ofisini.

Tajiri, kwa upande wake, alizidi kustawi. Mwaka 2023 kampuni ya WWE ilipounganishwa na kampuni ya mapambano ya UFC, thamani yake ilihesabiwa kuwa dola bilioni 9.3. Mwaka 2024 ulitangazwa mkataba wa kuonyesha mieleka yake kwa miaka 10 kwa dola zaidi ya bilioni 5. Na wapandao ulingoni? Mikataba yao imeendelea kuwaita watu wanaojitegemea, kama fundi seremala unayemwita kutengeneza mlango kisha akaenda zake, ijapokuwa kampuni huwaambia wavae nini, waitwe nani, wasafiri lini na waanguke vipi. Mwaka 2008 wanamieleka watatu waliipeleka hoja hiyo mahakamani katika Connecticut. Kesi yao ilitupwa.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Huko Kinshasa mieleka ya kulipwa ina umri mrefu, na wanamieleka wake huingia ulingoni na hirizi na uganga, na umati hutaka kuona uganga huo ukifanya kazi. Jirani zetu zaidi, katika Mukono, Uganda, tangu mwaka 2023 vijana wengi wa shida wamekusanyika chini ya kocha Daniel Bumba katika mieleka yao waiitayo Soft Ground Wrestling. Ulingo wao ni wa miti na kamba, na chini badala ya turubai umewekwa udongo laini. Waganda walikuwa na mieleka yao ya ekigwo zamani kabla ya kumwona Mmarekani yeyote, kwa hiyo miili yao haikuanza leo kujua kuanguka. Picha zao zimezunguka dunia nzima kwa simu, na mikanda wanayo. Nasi tulipoziona tulifurahi kama watu wote. Kisha tukatazama jinsi wanavyorukiana toka juu ya nguzo, tukaanza kujiuliza kuhusu shingo zao, na kuhusu daftari la mlangoni.

Ukoo wa Hart haujaiacha kazi. Natalya, binti wa Ellie Hart na Jim Neidhart, mjukuu wa Mzee Stu, aliuvaa mkanda wa wanawake wa kampuni ile mwaka 2010, akavaa mwingine mwaka 2017. Baba yake, ambaye naye alikuwa mwanamieleka, alifariki mwaka 2018.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuondoka Chidya, tulipita penye uwanja wa mchanga nyuma ya kibanda. Watoto wanane au tisa walikuwa wamechora ulingo kwa kijiti. Wawili walikuwa katikati, mmoja amejifunga katoni kiunoni, na refa wao, mtoto asiyezidi miaka saba, alikuwa amelala kifudifudi akihesabu. Tulimwuliza mwenye katoni kama wamepatana nani atashinda. Alitutazama kwa mashaka, kama mtu aliyeulizwa siri ya jandoni, kisha akasema kwamba leo ni zamu yake, na kesho ni zamu ya yule aliye chini. Yule aliye chini akainua bega.